BARUA YA WAZI KWA MWENYE KITUO CHA VR HAPA MTWARA: TULILALAMIKIA KIOO, WEWE UNATOA GEMU

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha gemu za VR, zile za kuvaa miwani ukajikuta ndani ya gemu (jina nalihifadhi kwa heshima),
Mtwara Mjini.

YAH: KUTOLEWA KWA GEMU YA RICK NA MORTY KWA KISINGIZIO CHA MAONI YA WATEJA

Bosi wetu, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua hujazoea kuandikiwa barua na mimi sijazoea kuandika, mara ya mwisho kuandika neno YAH nilikuwa shuleni naomba ruhusa ya kwenda msibani, ila njia zingine zimeisha. Nimeandika kwenye kaunta buku lako la maoni mara tatu, lile lililofungwa biki kwa kamba. Nimekutumia meseji wasapu, tiki zikawa bluu, ukanyamaza. Nimekuja mwenyewe Ijumaa baada ya swala nikaambiwa umeenda Masasi mambo ya korosho, nikarudi Jumatatu nikaambiwa bado upo Masasi huku gari lako limepaki nje. Sikusema kitu, niliondoka zangu. Alafu juzi napita naenda kununua vioo vya simu nakuta karatasi mlangoni imeandikwa kwa mkono kwamba mwisho wa mwezi gemu ya Rick na Morty inatolewa "kwa sababu ya maoni mabaya ya wateja".

Hapo ndo nimeona nije hadharani. Maoni yenyewe nayajua, mengine nimeyaandika mimi kwa mkono wangu, na hakuna mahali tuliposema toa gemu.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo Magomeni, hela ya kuchezea naitoa kwenye kubadilisha betri na kufungua simu zilizoingia maji ya bahari. Kwaiyo nikiongelea vifaa vyako sio kwamba najifanya mjuaji, ni kazi yangu. Na kwako nimekuja toka wiki ya kwanza umefungua, nilifurahi kweli, watu walizoea kusema vitu kama hivi mpaka uende Dar, leo dogo wa Chikongola anapanda bodaboda ya buku anavaa miwani ya VR. Ulifanya jambo kubwa na nalisema mbele za watu.

Kwa wanaosoma na hawaijui gemu yenyewe niwaeleze kidogo. Rick na Morty ni katuni ya vichekesho ya Marekani iliyoanza kurushwa Desemba 2013, habari za Rick, babu mmoja mwanasayansi mlevi, na mjukuu wake Morty, ambaye babu anamburuza kwenye kila balaa la dunia hii na dunia za jirani. Mwaka 2017 mwezi wa nne ikatoka gemu yake ya VR, inaitwa Rick and Morty: Virtual Rick-ality, waliotengeneza ni Owlchemy Labs wa Austin, Texas, walewale wa Job Simulator, gemu nyingine ya VR, mwaka uliofuata ikaingia na PlayStation. Unavaa miwani unajikuta upo gereji kwa babu. Na wewe sio Morty, wewe ni kopi ya Morty, babu kakutengeneza ili ubaki nyumbani umfanyie kazi wakati yeye na Morty mwenyewe wanaenda zao kutalii. Kazi ya kwanza unayopewa ni kufua nguo. Ndio, umelipa hela yako, umevaa kompyuta usoni, uje ufue nguo za mtu, na utani wenyewe unaanzia hapo hapo maana ukishika kitu unakirusha, ukivunja babu anakusema, na kila droo ina upuuzi wake.

Huko nje walioicheza waliisifia kwa kuchekesha na kwa jinsi unavyoweza kushika kila kitu, ila wakalalamika sana kwamba ni fupi. Iliuzwa dola 29.99 na mtu anaimaliza kwa masaa mawili, ukichezea chezea vitu labda matatu. Huko kilio chao imeisha haraka. Sisi Mtwara tuna rekodi yetu wenyewe, hakuna hata mmoja aliyewahi kuimaliza, na sababu ni hizi.

1. DAKIKA KUMI NA TANO

Unatoza elfu tatu kwa dakika 15, sina ugomvi na bei, umeme unalipia na kompyuta ile sio ya laki tatu. Ugomvi wangu ni kwamba saa inaanza kuhesabu mtu akiwa bado anavalishwa. Miwani inakazwa, waya unapangwa nyuma, kijana wako anamwonyesha mtu kitufe cha kushikia, mtu anacheka cheka kwanza maana ni mara yake ya kwanza kuona mikono yake hewani, tayari dakika nne au tano zimekwenda. Zilizobaki kumi anafua nguo. Muda ukiisha mtu anavuliwa, na anayefuata anaanzishwa mwanzo kabisa. Na wewe wa jana ukirudi leo unaanzishwa mwanzo kabisa. Mimi nimefua nguo za yule mzee mara sita bosi, SITA, elfu kumi na nane, mke wangu akijua itakuwa kesi nyingine kwa sababu nyumbani sijawahi kufua hata shuka.

Sasa kwenye kaunta buku watu wakaandika "gemu ya kufua nguo, inachosha". Wewe ukasoma ukasema hawaipendi. Bosi, mtu ukimletea maji ya kunawa akanawa, alafu ukamwambia asante karibu tena, akisema hajashiba usiende kuwaambia majirani kwamba mgeni hajapenda pilau.

2. KIOO

Hili ndo kubwa kuliko yote na naomba ulisome taratibu.

Chumba chako kabla ya VR kilikuwa saluni ya kike. Wote tunajua, hata harufu ya dawa ya nywele bado ipo kwenye kona ile. Ulipochukua chumba ulitoa viti na madraya, ukapaka rangi nyeusi, ukaweka taa za zambarau, pakapendeza, ila ule ukuta wa kushoto ukauacha na vioo vyake vitatu kutoka kiunoni mpaka juu. Kijana wako aliniambia umeviacha makusudi ili wateja wapige picha.

Miwani yako ni HTC Vive. Ile miwani haijui yenyewe ipo wapi, inasaidiwa na yale maboksi mawili meusi uliyoyagongelea juu kwenye kona, yanapiga mwanga ambao jicho halioni, unafagia chumba kizima, miwani na kontrola, zile za kushika mkononi, zinaupokea, kompyuta inapiga hesabu hapa ndo kichwa kilipo na hapa ndo mkono ulipo. Ukiweka kioo ukutani ule mwanga unagonga kioo unarudi. Kompyuta inapata habari mbili, ya kweli na ya kwenye kioo, inachanganyikiwa. Ndo maana mtu akisogea upande wa kushoto mkono wake kwenye gemu unaanza kutetemeka kama mtu ana homa ya malaria, au unaruka unaenda darini peke yake, au gereji nzima inayumba mtu anashikwa na kichefuchefu. Hili waliotengeneza wenyewe wanalisema, vioo na vitu vya kung'aa vifunikwe.

Fungua kaunta buku. Mtu mmoja kaandika "gemu inatetemeka". Mwingine "mkono unakimbia". Dada mmoja kaandika ameona kizunguzungu mpaka kesho yake. Kuna mtu, na sitamtaja maana ni jamaa yangu, kaandika kwamba gemu ina mashetani, na kijana wako badala ya kumwelewesha akamjibu kwa maandishi kwamba yeye pia anahisi hivyo. Haya ndo unayoyaita maoni mabaya juu ya gemu. Haya ni maoni juu ya kioo, bosi. Gemu haijui hata kama kuna kioo.

Nilikwambia hili kwenye meseji ya kwanza. Nikasema weka hata pazia. Tiki bluu.

Na kwenye hicho hicho chumba, kuna lile kaunta la saluni la kuwekea mafuta bado lipo. Vive ili mtu aweze kutembea tembea inataka nafasi wazi isiyopungua mita 2 kwa mita 1.5, na mimi nimepima kwa futi yangu ukitoa kaunta na kiti cha kijana inabaki mita 2 kwa mita 1.2. Ndo maana watu wanapiga vidole. Mimi kidole hiki cha kati kilivimba siku tatu, na fundi simu bila kidole cha kati skrubu ndogo huzishiki.

3. WATOTO

Nje umechora Rick na Morty ukutani, yule mchoraji kajitahidi ila Morty kamfanya kama mtu wa bima, na chini umeandika KATUNI ZA WATOTO KARIBUNI. Bosi hii sio ya watoto. Inatoka Adult Swim, watu wa TV ya Marekani wanaorusha katuni hii, hilo neno la kwanza la jina lao maana yake mtu mzima, sijui tutafute ushahidi gani mwingine. Babu anatukana, anabeua katikati ya sentensi, anaongea mambo ya ulevi. Na sauti umeiunganisha kwenye spika mpaka nje ili kuvuta wateja, watoto wanatoka madrasa wanapita hapo kila jioni na mikoba yao. Wengi hawaelewi Kiingereza, sawa, ila wapo wanaoelewa, na wanaoelewa ndo wanawatafsiria wenzao. Mwanangu kaniletea neno moja nyumbani nikamuuliza umelitoa wapi akasema kwa babu wa ukutani.

Achilia mbali matusi, miwani yenyewe sio ya mtoto mdogo. Sony kwenye miwani yao ya PlayStation waliandika wazi chini ya miaka 12 hapana. Wewe nimeona kwa macho yangu anavalishwa mtoto hata meno ya mbele hayajaota, miwani imemfunika mpaka mdomo, anaona ukungu tu, alafu baba yake anaandika kwenye buku "mtoto hajafurahia". Angefurahia vipi.

4. UMEME

Sitasema sana, umeme kukatika sio kosa lako. Gesi inatoka hapa hapa kwetu Mnazi Bay na bomba limefika Dar toka 2015, na sisi bado tunauliziana kwenye simu kwenu upo. Lakini ukikatika mtu akiwa na dakika tatu tu ameshavaa, usiseme "bahati mbaya kaka". Mpe karatasi aje kumalizia kesho. Kinyozi umeme ukikatika nusu ya kichwa anakusubirisha au hakutozi, hakwambii nenda hivyo hivyo.

5. MIWANI YENYEWE

Joto la hapa mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili unalijua. Ile sponji ya usoni watu ishirini kwa siku wanaijaza jasho, mafuta ya nazi, poda, na haikaushwi. Kijana anafuta kwa sanitaiza, na ukimgeuzia kisogo anapitisha na kwenye lenzi, lenzi sasa zina ukungu wa kudumu kama dirisha la daladala ya Mikindani. Lenzi zinafutwa kwa kitambaa laini kikavu, basi. Na upande wa kulia wa ile miwani kuna kitasa kidogo cha kuzungusha, kazi yake kusogeza lenzi zifuate umbali wa macho ya mtu, maana macho ya watu hayakai umbali mmoja. Toka nianze kuja sijawahi kuona kikiguswa. Nikakigusa mimi siku moja kwa mteja aliyesema haoni, akashtuka akasema kumbe ina maandishi! Nikagombezwa nisiguse mali ya watu.

Sasa bosi, najua utakachojibu maana kijana wako ameshanijibu kwa niaba yako.

Atasema watu wa huku hawaelewi vichekesho vya Wazungu, Kiingereza kinakimbia, kwaiyo hata chumba kikiwa safi gemu haitapendwa. Hili limeniuma kuliko hata kidole. Naomba nikupe habari ya siku moja ambayo wewe hukuwepo.

Ilikuwa siku ya mvua, wateja hakuna, mimi nimejibanza pale kwako. Akaja mzee mmoja mvuvi wa Mikindani kamleta mjukuu wake wa fomu tuu aliyemuahidi akifaulu atampeleka. Dogo akacheza dakika zake, akavuliwa. Mzee akasema na mimi. Kijana wako kwa kuwa hakuna foleni akamvalisha na hakumrudisha mwanzo, akamwacha aendelee pale mjukuu alipoishia, alafu akasinzia. Mvua ile ilipiga karibu saa nzima na mzee alicheza karibu saa nzima. Alikaa upande wa kulia muda wote, mbali na vioo, kwa sababu alikuwa anaogopa kukanyaga waya. Kwaiyo ndo mtu pekee Mtwara aliyeicheza gemu ile inavyotakiwa, na hakupanga.

Kiingereza hana. Mimi nikawa namtafsiria, nikamwambia huyu ni babu na wewe ni mjukuu, anakwambia huna akili ya kutosha hata kushika bisibisi. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Akajibu! Akawa anamjibu yule Rick kwa Kimakonde na Kiswahili, anamwambia nguo zako zinanuka huna mke wa kukufulia. Bosi sisi tumelelewa kwenye utani wa babu na mjukuu, bibi yako unamwita mke wangu, babu anakuita mwizi wa wake zake, anakutania mbele za watu na hakuna anayenuna. Hii katuni imekaa hapo hapo. Mzungu wa Texas labda inabidi aelezwe kwa nini babu anamtesa mjukuu na bado wako pamoja, mzee wa Mikindani hakuhitaji maelezo. Alichoniambia ni kwamba huyu babu anampenda mjukuu ila kichwa chake kibovu, na mimi ambaye nimeangalia katuni yenyewe misimu kadhaa sijawahi kuisema vizuri hivyo.

Ile mashine ya kuunganisha vitu viwili vikatoka kimoja aliipenda sana, akawa anaingiza kila kinachoshikika, kila kikitoka anauliza hiki kinaliwa? Alafu akafika kwenye yale madude ya bluu. Unarusha kama kimpira, linatokea jitu la bluu mbele yako linafuata mikono yako, ukiinua mkono nalo linainua, kazi yake kukusaidia kufikia vitu vya mbali. Mzee hakutaka kufikia kitu chochote. Akaanza kucheza sindimba. Pale pale saluni, na kofia yake mfukoni, anakata kiuno na waya umemfuata nyuma. Jitu la bluu likawa linaiga mikono tu na kichwa, kiuno kimetulia kama cha mgeni harusini, maana miwani inajua kichwa na zile kontrola mbili za mkononi, habari za kiuno haina. Mzee akalitukana, akasema hili halijapita jando. Sisi tuliokuwepo, mimi, mjukuu na mama wa chipsi aliyekimbia mvua, tulilia kwa kucheka.

Akalipa, akaandika kwenye kaunta buku. Tafuta, mwandiko mkubwa umepinda, ameandika "NZURI NITARUDI". Alirudi wiki iliyofuata na wenzake wawili toka Mikindani, jua kali, foleni, wakapewa dakika 15 kila mmoja, wakaanzishwa kwenye nguo, kule upande wa vioo. Hawajarudi tena. Kwaiyo usiniambie hawaelewi.

Kisingizio cha pili nimesikia unataka kuleta gemu ya kukata kata kwa mapanga ya mwanga muziki ukipiga, au ya kupiga mazombi, ndo vijana wanataka. Sawa, leta, hata mimi nitacheza. Ila zile gemu mtu anarusha mkono kwa nguvu zake zote. Kwenye chumba hicho hicho, na vioo vitatu, na kaunta la mafuta. Utakumbuka barua hii siku kioo kinaanguka kwenye mguu wa mtu. Na mapanga yatatetemeka vilevile, na watu wataandika vilevile, na wewe utabandika karatasi nyingine mlangoni.

Kisingizio cha tatu, kwamba hao wote wanaolalamika ni wivu wa watu wa mtaani. Hiki sikijibu.

Na nisiwe muongo, gemu yenyewe ina mapungufu yake na tumeyasema. Babu anaongea haraka na anarudia rudia ukichelewa kufanya kazi, ukiwa umekwama anakukera kweli kama bosi wa kiwandani. Huwezi kuzunguka unavyotaka, unaruka toka sehemu hadi sehemu ndani ya gereji. Ukishaelewa kazi unayotakiwa kufanya kinachobaki ni kuchezea vitu, na kama sio mtu wa kuchezea vitu utachoka. Rafiki yangu mmoja mwalimu anasema utani ukishausikia mara moja umeisha, na tumebishana hilo hadi usiku Shangani pale ufukweni tukila pweza, yeye anasema gemu nzuri ni ile ukirudi kesho inakupa kipya, mimi nasema mbona taarabu unaisikiliza kila siku. Hatukuelewana. Lakini hayo ndo maoni juu ya gemu, hayo ndo ningependa kaunta buku lako lijae, watu wabishane kama babu anachekesha au hachekeshi. Saa hizi tunabishana kama mkono upo au haupo.

Ninachoomba, na nimejaribu kuomba vitu visivyo na gharama:

Karatasi ya mlangoni itolewe na gemu ibaki walau mwezi mmoja baada ya kurekebisha chumba. Ukiona bado watu hawaipendi itoe, sitafungua mdomo.

Vioo vifunikwe. Kama unataka watu wapige picha weka kimoja nje kwenye baraza.

Saa ianze mtu akishasema naona. Na aliyecheza jana aendelee alipoishia, kama haiwezekani basi weka bei ya saa moja hata ikiwa elfu kumi, wapo tutakaolipa, mimi wa kwanza, ilimradi mke wangu asijue.

Watoto wadogo wasivalishwe, na spika ya nje izimwe muda wa madrasa. Yale maandishi ya ukutani rangi ipo imebaki, nimeiona chini ya kaunta.

Hela ya umeme uliokatika, tupewe karatasi.

Kijana wako afundishwe kile kitasa. Nitamfundisha mimi, dakika mbili, bure. Simlaumu hata kidogo, hakuna aliyemwonyesha, na ni kijana mwenye adabu ukiacha ile habari ya mashetani.

Kuhusu vioo, bosi, sitaki useme hakuna fundi au hakuna hela ya pazia. Jumamosi hii saa kumi jioni nitakuja na kanga tatu nzito za mama, nyundo na misumari ya zege. Mama amekubali ila anataka zirudi zikiwa safi. Kama hutaki mwambie kijana asinifungulie, nitaelewa, nitakaa nje kwa mama wa chipsi mpaka saa kumi na mbili kisha nitarudi nyumbani na kanga zangu.

Nakutakia kazi njema.

Ni mimi mteja wako,
Fundi simu wa Magomeni, Mtwara.

Nakala:
Kijana wa zamu, asome yeye kwanza kabla ya kukupelekea.
Mama wa chipsi, shahidi.
Mzee wa Mikindani, atasomewa na mjukuu.